Homa ikipiga hodi Bukavu: nyumbani, farmasi, kituo cha afya au hospitali?

Mtu akishikwa na homa katika nyumba ya Bukavu, mashauri huanza kabla kipimajoto hakijatoka kwapani. Bibi anataka mubirizi, yale majani machungu, uchemshwe. Jirani ana hakika ni malaria, tena kwake kumebaki vidonge. Baba mwenye nyumba anahesabu faranga kimoyomoyo na kusema tuone kesho. Hakuna aliye mjinga hapo, kila mmoja ana sababu yake. Tabu ni kwamba kila shauri linafaa mgonjwa fulani, kwa saa fulani, na mgonjwa aliye mbele yenu huenda si yule.

Ndiyo maana ninaziweka njia hizi ubavu kwa ubavu. Maoni yangu niyatoe mapema ili msomaji ajue ninaelekea wapi: nyumbani panafaa kuliko tunavyodhani, kituo cha afya kinastahili heshima kuliko tunayokipa, hospitali ina wagonjwa wake ambao hawapaswi kupitia kwingine kwanza, na farmasi ndiko tunakopotezea muda mwingi. Sisemi farmasi ni mbaya. Tunaiomba kazi isiyo yake.

Usichague kwa digrii

Katika vituo vyetu, mtoto akipimwa kwapani na kukutwa na 37.5 au zaidi, anahesabiwa kuwa na homa. Namba hiyo inakuambia homa ipo. Haikuambii uende wapi. Mtoto mwenye 39.5 anayenyonya, anayelia kwa nguvu na kugombania simu yako ana hali nzuri kuliko mwenye 38 aliyelegea kama kitambaa kilicholowa na asiyekutazama ukimwita. Wazazi wengi hukimbia kwa sababu ya namba, kisha hutulia dawa ikiishusha. Yote mawili yanaweza kuwa makosa.

Maswali yanayochagua njia ni matatu: mgonjwa ni nani, yukoje sasa hivi, na ametoka wapi.

Ni nani: mtoto wa chini ya miezi mitatu, mama mjamzito, mtoto wa SS (drepano, ugonjwa wa selimundu), mzee, mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi au mwenye ugonjwa wa kudumu. Hawa hawana ruhusa ya kungoja ambayo mimi na wewe tunayo.

Yukoje: anakunywa? Anakojoa? Anajua aliko? Anapumuaje?

Ametoka wapi: hili kwa mtu wa Bukavu lina uzito wa pekee. Mji wetu uko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake hupunguza mbu. Ukifuata mto Ruzizi kushuka bondeni hadi Uvira, umefika karibu mita 800, na huko mbu yuko kwake. Mtu anayerudi kutoka Uvira, Fizi, Shabunda au machimbo ya Kamituga anaweza kubeba malaria bila kujua. Kwa kawaida homa huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, na mara chache sana kabla ya siku 7. Kwa hiyo aliyekwenda Uvira Jumamosi akarudi Jumapili na kushikwa na homa Jumatatu, mbu wa safari hiyo hawana kesi. Lakini akiugua wiki mbili baadaye, wakati kila mtu amekwisha kusahau safari, ndipo mseme: alikuwa bondeni. Na asiyesafiri kabisa asijidanganye pia. Mbu wa malaria wapo hata hapa, na Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria.

Neno moja kuhusu vipimajoto, kwa kuwa watu huuliza wanunue kipi. Mkono wa mama unajua kwamba moto upo, ila hauwezi kusema ni kiasi gani wala kama umeongezeka tangu jana. Kile cha zebaki ni sahihi lakini kikivunjika sakafuni unabaki na sumu katikati ya watoto. Kile cha kuelekezwa kwenye paji la uso, tulichokizoea milangoni tangu wakati wa Ebola na Corona, hudanganywa na jua, jasho na upepo. Chukua cha kidijitali cha kwapani. Hakina uzuri wowote wa kutazama, lakini kinafanya kazi.

Nyumbani: kwa nani, na mpaka lini

Mtu mzima mwenye nguvu zake, aliyeshikwa na homa leo, mwenye mafua na koo linalowasha, anayekunywa na kukojoa vizuri, anaweza kukaa nyumbani siku ya kwanza na ya pili. Kijana wa shule vilevile. Hasa kati ya Juni na Agosti, vumbi la kiangazi linapojaza pua za mji mzima, homa nyingi ni za mafua na huondoka zenyewe. Hata hivyo mtu mzima aliyetoka bondeni, au ambaye homa inamrudia kwa baridi na kutetemeka, apimwe malaria siku hiyohiyo.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano hesabu ni nyingine. Kwake nyumbani ni mahali pa kupita usiku huo tu, kama hana dalili ya hatari, na asubuhi anakwenda kupimwa. Malaria kwa mtoto mdogo inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya siku moja au mbili, na ndiyo sababu waganga wa vituoni wanasisitiza apimwe ndani ya saa 24 tangu homa ianze.

Kazi ya nyumbani ni maji kwanza. Titi kila anapotaka, uji mwepesi, maji yaliyochemshwa, supu, kidogo kidogo na mara nyingi. Nguo nyepesi. Hapa ninagombana na desturi: mtoto mwenye homa tunamfunika mablanketi mawili kwa kuwa anatetemeka na Bukavu usiku ni baridi, na joto linakosa pa kutokea. Akitetemeka mfunike kwa shuka, akiacha mpunguzie. Kumpangusa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu kunaweza kumburudisha. Maji baridi yanamtetemesha, na kumpaka pombe au alikoli ni hatari, ngozi yake inainywa.

Dawa ya kwanza ni parasetamoli. Kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10, basi, anahitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Sasa angalia chupa. Kuna sirop zenye miligramu 120 katika mililita 5, na kuna zenye 250 katika mililita hizohizo. Kwa mtoto huyo, mililita 5 za chupa ya kwanza ni dozi yake halali. Mililita 5 za chupa ya pili ni karibu mara mbili. Kijiko cha chai nacho kila nyumba kina chake, kwa hiyo pima kwa kikombe kilichokuja na chupa au kwa bomba la sindano lililotolewa ncha. Mtu mzima anameza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa siku. Na dawa nyingi za mafua zinazouzwa mtaani zina parasetamoli ndani, hivyo anayezichanganya anaweza kujijazia bila kujua. Ini ndilo linalolipa.

Ibuprofeni inashusha homa vizuri pia, na kwa maumivu ya meno au ya mgongo ninaipendelea. Kwa homa ya Bukavu naiweka nyuma. Inataka chakula tumboni, haifai mwenye vidonda vya tumbo wala mama mjamzito, na kwa mtoto anayetapika au kuhara inaweza kuumiza figo kwa kuwa mwili tayari umekauka. Wengi wa watoto wetu wenye homa ndivyo walivyo. Aspirini kwa mtoto au kijana wa chini ya miaka 16, hapana, inaweza kuleta ugonjwa adimu lakini mbaya wa ini na ubongo. Metamizoli, ile ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Novalgine na kuipenda kwa sindano kwa kuwa "inakata homa mara moja", inaweza mara chache kuua chembe nyeupe za damu zinazotulinda. Marekani iliiondoa sokoni mwaka 1977. Kama parasetamoli ya kumeza inakaa tumboni, sioni sababu ya sindano hiyo.

Jambo moja lishikwe vizuri kuliko yote ya sehemu hii. Parasetamoli inashusha joto la malaria, la nimonia na la mafua vilevile. Homa ikishuka baada ya dawa haijathibitisha kwamba ugonjwa ni mdogo. Dawa imefanya kazi yake, ugonjwa bado uko pale pale.

Na mubirizi? Ni mchungu, wazee wanaupenda, na kikombe kidogo kwa mtu mzima huenda kisimdhuru. Artemisia, mmea mwingine wa kuchemshwa, nayo ina mashabiki wengi. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba halishauri chai ya artemisia kwa kutibu wala kuzuia malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani ya majani hubadilika na hakitoshi kuua vimelea vyote. Mtoto asipewe badala ya dawa. Fukizo la sufuria inayochemka chini ya blanketi mimi silitaki kabisa penye mtoto: sufuria ikipinduka, homa inakuwa tatizo dogo.

Kisha degedege, ambalo ndilo linalotutisha zaidi. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anaweza kupata degedege kwa sababu ya homa yenyewe. Mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimnyweshe kitu. Kwingineko, kusiko na malaria, huenda ingekuwa ni kungoja lipite na kumwangalia. Katika nchi ya malaria, kila degedege linapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama mtoto ameamka na kuomba chai, kwa kuwa malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo huanza hivyohivyo. Likizidi dakika tano, ondokeni likiendelea.

Farmasi: mazungumzo mafupi mno

Simama jioni kwenye farmasi yoyote karibu na soko la Kadutu na usikilize.

— Docta, unipe dawa ya malaria ya mtoto.

— Ana miaka mingapi, mama?

— Mitatu.

— Sawa. Hivi viwili atameza leo na kesho, hii sirop asubuhi na jioni, na hii ni ya tumbo.

Imekwisha. Hakuna aliyeuliza kilo zake, kama ametapika, kama amekojoa, kama anapumua mbio. Simlaumu sana muuzaji. Mama amekwisha kutaja ugonjwa, ameleta hela za ugonjwa huo tu, na nyuma yake kuna watu wanne.

Tulinganishe kwa haki. Farmasi iko mlangoni, haina foleni ndefu, inachelewa kufungwa usiku, haidai pesa ya kuonana na mganga, na inauza hata kidonge kimoja. Mambo haya si madogo kwa familia inayoishi kwa pato la siku. Lakini lile la kuuza kidonge kimoja ndilo linalotuangamiza, na hesabu yake ni hii. Dawa ya malaria yenye artemether na lumefantrine hunywewa mara sita katika siku tatu. Mtoto wa kilo 12 anahitaji kidonge kimoja kila mara, maana yake sita. Aliyepewa viwili amemaliza dozi ya siku ya kwanza. Homa itashuka, mama atashukuru, na vimelea vilivyobaki vitarudi. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi anameza vinne kila mara, jumla 24. Sasa vile vidonge vya jirani vilitoka wapi? Vimebaki kwa sababu yeye hakumaliza vyake. Ukivipokea, mmekuwa wawili mliotibiwa nusu.

Kuna jambo la ubora pia. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni bandia au haifikii kiwango. Dawa iliyotolewa kwenye kopo na kufungwa kwenye karatasi ya daftari haina jina, tarehe wala mahali pa kuuliza. Ukinunua, nunua ikiwa ndani ya boksi lake, na soma tarehe mbele ya muuzaji. Atakunja uso kidogo. Mwache akunje.

Sindano ya chumba cha nyuma ikataliwe kabisa, na hasa kinini, ile dawa ya malaria, ya kupigwa takoni. Wapo watoto waliobaki wakiburuta mguu kwa sababu mshipa wa fahamu ulidhuriwa na sindano ya aina hiyo.

Kwa hiyo farmasi niitumie lini? Ukiwa na karatasi ya mganga mkononi. Ukitaka parasetamoli, kipimajoto, au pakiti za maji ya chumvi na sukari za mtoto anayehara. Kwa hayo, ni nzuri kuliko njia nyingine zote. Na kuhusu urahisi wake: farmasi ni rahisi pale tu ulipokisia ugonjwa sawasawa. Anayelipia sirop mbili na vidonge vya aina tatu, kisha siku ya tatu akalipia kituo, amelipa zaidi ya aliyeanza na kituo. Tena anafika na mtoto mchovu zaidi.

Kituo cha afya: TDR, GE, au Widal?

Hapa ndipo ningetaka homa nyingi za watoto zianzie. Kila mtaa una kituo chake chini ya zone ya afya, iwe Ibanda, Kadutu au Bagira, na reko (mhudumu wa afya wa jamii) wa avenyu yenu anajua kilipo na nani yuko zamu. Kile unachopata hapo, ambacho farmasi haina, ni mtu anayemvua mtoto nguo na kumtazama. Anampima kilo. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, inamfanya afikirie nimonia, hasa pakiwa na kikohozi. Anafungua viganja kuona kama vimepauka. Anatazama masikio, koo, na shingo kama inakunjika.

Kisha vipimo. TDR, kipimo cha haraka cha malaria, ni tone la damu ya kidole kwenye kikasha kidogo, na jibu ni baada ya dakika 15 hadi 20. Haihitaji darubini wala umeme, na tunajua habari za umeme wetu. Kasoro yake: inatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki katika damu wiki kadhaa baada ya kupona. Mtoto aliyetibiwa mwezi huu anaweza kuonekana ana malaria wakati homa ya leo ni ya kitu kingine. GE, tone nene la damu chini ya darubini, inaonyesha vimelea vyenyewe na wingi wake, kwa hiyo inafaa kufuatilia kama dawa inafanya kazi. Ila inategemea jicho la mtu wa maabara, darubini safi na muda. Kwa homa mpya, TDR inanitosha. Kwa homa iliyorudi baada ya matibabu, naomba GE.

Widal, kipimo cha "tifoide" (homa ya matumbo), ndicho ninachokionea mashaka. Kinatazama kingamwili, na katika mji ambao watu wengi wamewahi kukutana na vijidudu vya jamii hiyo, kingamwili za zamani zinaweza kutoa jibu la ndiyo kwa mtu asiye na tifoide. Kipimo kimoja cha Widal hakithibitishi. Kinachothibitisha vizuri ni kuotesha damu katika maabara, na hilo ni jambo la hospitali kubwa. Mara ngapi umesikia "ana malaria na tifoide" kwa pumzi moja? Ukipewa jibu hilo pamoja na antibayotiki za siku kumi, uliza kwa heshima: "Docta, tifoide hii imeonekana kwa dalili gani, mbali na Widal?" Swali si matusi.

Swali jingine la kuuliza ni la bei. Vipimo na dawa za malaria zinazoletwa na mpango wa taifa wa kupambana na malaria zinapaswa kumfikia mgonjwa bure au kwa bei ndogo. Kituo kikiwa nazo, uliza kabla ya kufungua pochi. Aliye katika mutuele ya afya, mfuko wa kuchangiana matibabu, achukue kadi yake.

Kituo kina udhaifu wake, nisifiche. Dawa huisha. Usiku utakuta muuguzi mmoja, na pengine yuko chumba cha uzazi. Halafu kuna sisi wenyewe tunaodai seromu, kana kwamba bila chupa kuning'inia hatujatibiwa. Mgonjwa anayeweza kunywa hapati faida katika mshipa kuliko mdomoni. Muuguzi akikunyima seromu na kukuandikia vidonge, huenda ndiye bora uliyewahi kukutana naye.

Homa ikija na vipele, itangaze mlangoni kabla ya kukaa kwenye benchi na wengine. Vipele na macho mekundu na kikohozi vinaweza kuwa surua. Vipele vinavyojaa maji au usaha pamoja na tezi zilizovimba ni vya kufikiria mpoksi, ambayo aina yake mpya ilionekana kwanza Kamituga, katika jimbo letu hili, mwaka 2023.

Chumba cha maombi

Maombi na dawa havijawahi kugombana. Mchungaji anaweza kuombea mtoto akiwa kitandani kituoni. Kukesha naye kanisani akiwa amelegea, hapana.

Hospitali: hawa wasipitie kwingine

Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa ya 38 au zaidi, au ambaye mwili umekuwa wa baridi, chini ya 35.5, na anakataa titi. Mtoto yeyote asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea kiasi cha kutoamka vizuri. Anayevuta pumzi mpaka kifua kinaingia ndani chini ya mbavu. Mwenye shingo ngumu, au utosi uliovimba kwa mtoto mchanga. Viganja vyeupe kama karatasi. Mkojo mweusi kama kahawa, au macho ya njano. Anayetokwa damu bila sababu, au mwenye madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi. Anayezungumza ovyo. Mtoto wa SS mwenye homa, hata kama anacheka. Mama mjamzito anayetetemeka na kutapika, au aliyejifungua wiki hizi. Na yeyote ambaye homa imepita siku saba mfululizo bila kueleweka.

Watu hawa wanahitaji kilichoko hospitalini tu: damu ya kuongezwa, oksijeni, sindano ya artesunate (dawa ya malaria kali) mshipani ambayo hupewa angalau mara tatu katika saa 24, kuchomwa mgongo kutoa maji ya uti. Bukavu tuna bahati ambayo Shabunda haina. Hospitali kuu ya rufaa ya jimbo iko mjini, na hospitali ya Panzi nayo.

Kinachotuchelewesha ni pesa, tusizunguke. Tunaogopa kudaiwa malipo ya kwanza mlangoni, na tunaogopa kuzuiliwa baada ya kupona kwa ajili ya deni. Hofu hiyo ina msingi. Lakini linganisha vitanda viwili: malaria iliyofika siku ya kwanza inaweza kuwa vidonge vya siku tatu, na iliyofika siku ya tano inaweza kuwa damu, oksijeni na wiki nzima ya kulala. Deni kubwa mara nyingi hutengenezwa na siku tulizokuwa tukiepuka deni.

Kama ni usiku, barabara si salama na hospitali iko mbali, usikae nyumbani kungoja kupambazuke. Nenda kituo kilicho karibu. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita mwenye malaria kali, kituo kinaweza kumpa artesunate kwa njia ya haja kubwa kabla ya kusafirishwa, na kukuandikia karatasi ya rufaa. Karatasi hiyo inakufungulia mlango haraka kuliko maelezo yako ya kuhema. Beba na maboksi ya dawa zote alizomeza, pamoja na zile za majani, wala usione haya kuyataja. Na kama viganja ni vyeupe, nenda na ndugu wawili wenye afya, kwa kuwa mara nyingi familia huombwa watu wa kutoa damu.

Baada ya kurudi

Dozi ya malaria inyweke yote, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana lumefantrine huingia mwilini vizuri pamoja na mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha rudi kituoni mkachukue nyingine, kwa sababu sasa mna pungufu, na akitapika tena, rudi naye kituoni. Homa inaweza kuendelea siku ya kwanza na ya pili hata kama dawa ni nzuri. Ikiwa siku ya tatu bado ipo, au imeondoka kisha ikarudi ndani ya mwezi, usinunue boksi jingine la dawa ileile kwa hiari yako. Rudi kwa muuguzi yuleyule na karatasi ya kwanza, umwombe GE badala ya TDR, na umwambie tarehe na saa mtoto alipomeza kila kidonge.